Nchi Tajiri Ni Zile Zilizoacha Kuanguka

Wachukue vinyozi wawili. Mmoja ana kiti chake Zürich, mwingine Kinshasa. Wote wana mkasi, kitana, mashine na kioo. Wote humaliza kichwa kimoja kwa nusu saa hivi, na ukiwashindanisha huenda yule wa Kinshasa akashinda, kwa kuwa amezoea kunyoa hata umeme ukikatika katikati ya kichwa. Jioni wakihesabu walichopata, wa Zürich ana fedha mara nyingi kuliko mwenzake. Ajabu zaidi ni kwamba wa Kinshasa akipata viza, akahamia Zürich na mkasi wake ule ule, kipato chake kinaruka mwezi huo huo. Hajarudi shule. Hajaongeza bidii. Mila zake na imani yake amekwenda nazo kama zilivyo.

Kwa hiyo mtu akianza kueleza umaskini wa nchi kwa neno "uvivu", mimi huwa nimeshaacha kusikiliza. Kilichobadilika kwa kinyozi huyu ni mahali aliposimama. Wanaokaa kwenye kiti chake sasa ni watu wanaotengeneza dawa, saa na mitambo. Saa moja ya kazi yao huzalisha thamani kubwa, na kinyozi wao lazima alipwe vizuri, la sivyo naye ataacha mkasi aende kiwandani. Nyuma yake kuna umeme usiokatika, benki inayokopesha kwa riba ndogo, na mahakama inayomaliza kesi ya pango kabla mwenye nyumba hajazeeka. Hakuvijenga yeye hivyo vyote, amevikuta. Kuuliza kwa nini nchi moja ni tajiri na nyingine maskini ni kuuliza vitu hivyo vilijengwaje kule, na huku vilikwama wapi.

Umaskini ndio uliokuwa kawaida

Tumezoea kuuliza kwa nini nchi fulani ni maskini. Swali hilo limekaa kichwa chini miguu juu. Umaskini ndiyo hali waliyoishi nayo karibu binadamu wote kwa maelfu ya miaka. Mkulima wa Ufaransa wa mwaka 1700 alizika watoto wachanga kama jambo la kawaida, na mavuno yakikosekana misimu miwili mfululizo alikuwa hatarini kufa njaa. Mwenzake wa China au wa Ethiopia asingekuwa na sababu kubwa ya kumwonea wivu. Angus Maddison, mwanauchumi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukadiria mapato ya karne zilizopita, alikuta kwamba mnamo 1820 kanda tajiri ya dunia iliizidi kanda maskini kwa kama mara 3 tu. Leo, hata ukirekebisha tofauti za bei, pato la mtu wa wastani Uswisi linalizidi la Burundi kwa zaidi ya mara 50.

Kinachotaka maelezo, basi, ni utajiri. Na utajiri ni mgeni wa juzi, hajafikisha miaka 250.

Hesabu yake haina uchawi. Pato la kila mtu nchini Marekani limekuwa likikua kwa takriban asilimia 2 kwa mwaka tangu miaka ya 1870. Asilimia 2 ni ndogo kiasi kwamba mtu hawezi kuihisi kati ya sikukuu moja na nyingine. Lakini anza na 100, ongeza asilimia 2 kila mwaka, na baada ya miaka 100 una 724.

Sasa ichukue nchi ya pili, yenye kasi. Inakua kwa asilimia 6 miaka 3 mfululizo, wageni wanamiminika na mikutano ya wawekezaji haiishi. Mwaka wa 4 unakuja mtikisiko. Pengine ni mapinduzi, au ukame, au bei ya zao lake imeporomoka, na uchumi unasinyaa kwa asilimia 15. Piga hesabu: ile 100 imekuwa 101 na ushei. Rudia mzunguko huo kwa karne nzima, unapata 136. Nchi iliyokuwa ikikimbia mara tatu ya mwenzake, katika miaka mitatu kati ya kila minne, imeachwa mbali kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila kibaba kinachopigwa teke kila mwaka wa nne hakijai.

Namba hizi nimezipanga mwenyewe, lakini historia inafanana nazo mno. Stephen Broadberry na John Wallis, wanauchumi wawili waliochambua takwimu za karne nyingi, walionyesha kwamba nchi zilizotajirika hazikufika huko hasa kwa kukua haraka zaidi katika miaka mizuri. Miaka mibaya ilipungua, na ilipokuja haikuwa mibaya mno. Nchi maskini zikiwa kwenye miaka yao mizuri aghalabu hukua haraka kuliko tajiri. Shida yao ni kuanguka mara kwa mara, na kuanguka vibaya. Tangu nilipoelewa jambo hili sishangilii tena takwimu ya ukuaji ya mwaka mmoja. Natafuta kwanza nchi hiyo ilianguka lini mara ya mwisho, na nini kiliiangusha.

Argentina ni darasa tosha. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza pato la Muargentina lilizidi la Mwitaliano na lilikuwa bega kwa bega na la Mfaransa. Paris walikuwa na msemo "tajiri kama Muargentina". Ilikuwa na ardhi nzuri, reli, bandari, na shule nyingi kuliko majirani zake. Kisha likaja pigo juu ya pigo. Jeshi lilipindua serikali mwaka 1930, na baada ya hapo 1943, 1955, 1962, 1966 na 1976. Mwaka 1989 mfumuko wa bei ulipita asilimia 3,000. Mwishoni mwa 2001 benki zilifungiwa, wenye akiba wakazuiwa kutoa fedha zao wenyewe, na nchi ikapitiwa na marais watano ndani ya wiki mbili hivi. Waargentina hawakusahau kulima wala kuchinja ng'ombe katika muda huo wote. Walichojifunza ni kuweka akiba kwa dola chini ya godoro, na akiba iliyo chini ya godoro haijengi kiwanda.

Nani atakula ninachojenga?

Kuna kijiji China kinaitwa Xiaogang, mkoa wa Anhui. Mwaka 1978 ardhi yote ilikuwa ya ushirika, mavuno yalikusanywa pamoja, na aliyefanya kazi kuanzia alfajiri alipata karibu sawa na aliyechelewa na kuondoka mapema. Watu walikuwa na njaa, na wengine walitoka kwenda kuombaomba. Majira ya baridi ya mwaka huo wakulima 18 walikutana kwa siri kwenye nyumba ya mmoja wao, wakaandika karatasi. Waligawana mashamba kaya kwa kaya. Kila kaya ingetoa fungu la serikali na kubaki na ziada. Kwa kuwa jambo hilo lingeweza kuwapeleka jela au kwenye kifo, waliongeza sharti: wakuu wao wakikamatwa, waliobaki watalea watoto wao mpaka wafike miaka 18. Wakabandika alama za vidole, wakaificha ile karatasi.

Mwaka uliofuata mavuno yalipanda kupita kiasi, na ndiyo yaliyowaumbua, maana kijiji cha ombaomba hakiwezi kuvuna hivyo bila jirani kuuliza. Wakulima walikuwa wale wale, udongo ule ule, majembe yale yale. Bahati yao ni kwamba mkuu wa chama wa mkoa aliwaacha, na utawala wa Deng Xiaoping uliokuwa ukiingia ulikuwa unatafuta kitu kama hicho. Ndani ya miaka michache utaratibu huo ukawa wa nchi nzima. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika miaka 40 iliyofuata karibu watu milioni 800 China walitoka kwenye umaskini uliokithiri.

Kisa cha Xiaogang hupendwa na watetezi wa soko huria, nami sina ugomvi nao hapo. Ila kinachonivutia zaidi ni ile karatasi yenyewe. Kabla ya kuuliza mbegu au mbolea, watu wale walitaka kujua nani atakula tutakachovuna, na itakuwaje mwenye nguvu akitugeuka. Hakuna nchi ambayo raia hawaulizi hivyo, wawe ni mama anayenunua cherehani ya pili au kampuni inayofikiria kujenga kinu cha karatasi. Jibu likiwa baya, mtu hubaki na cherehani moja.

Mwenye nguvu hageuki kwa kunyang'anya waziwazi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hernando de Soto, mwanauchumi wa Peru, aliwatuma wasaidizi wake wasajili karakana ndogo ya kushona nguo pembezoni mwa Lima, kwa kufuata sheria yote hatua kwa hatua. Walifanya kazi hiyo ya kupanga foleni, kujaza fomu na kupanda mabasi saa 6 kwa siku. Iliwachukua siku 289. Gharama ilikuwa sawa na mshahara wa kima cha chini wa miezi 31. Fundi wa kawaida angefanyaje? Angeshona bila kibali, kama walivyofanya maelfu Lima. Karakana isiyo na kibali haikopi benki wala haishitaki mteja asiyelipa, na haithubutu kukua mpaka ikaonekana kutoka barabarani. Upande wa pili wa mlango ule yupo mwenye kiwanda kikubwa ambaye alishapata vibali vyake zamani, na kwake siku 289 za mshindani ni habari njema.

Hapo ndipo neno "taasisi" linapoingia. Mwaka 2024 Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuonyesha uzito wa taasisi, yaani kanuni zinazoamua nani anaruhusiwa kufanya nini, nani anamdhibiti mtawala, na mali ya mnyonge inalindwaje. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba neno lenyewe limekuwa kama gunia, kila mtu hutia humo anachotaka. Mimi hulipima kwa jambo moja dogo: je, mtu mpya asiye na mjomba serikalini anaweza kuanzisha kitu kitakachomharibia biashara mkubwa wa jana, na akabaki salama? Uingereza ilipata jibu la "ndiyo, kiasi" baada ya 1688, Bunge lilipomfunga mfalme mikono asitoze kodi apendavyo. Watoto wa vinyozi na wahunzi wakapata nafasi ya kuwatikisa mabwana. Richard Arkwright, aliyejenga viwanda vya kusokota pamba, alianza maisha akiwa kinyozi na mtengeneza mawigi. (Naona leo vinyozi hawataki kuniacha.)

Waliosukumwa shimoni

Zipo nchi zilizoanguka zenyewe, na zipo zilizosukumwa. Mtu akizungumzia taasisi bila kusema zilitoka wapi anamlaumu mgonjwa kwa jeraha alilochomwa.

Mwaka 1545 Wahispania waligundua mlima wenye madini ya fedha huko Potosí, katika Bolivia ya leo. Kuanzia 1573 waliweka utaratibu ulioitwa mita: kila wilaya ndani ya mpaka fulani ilitoa mwanamume mmoja kati ya kila saba aende kuchimba, huko Potosí au kwenye zebaki ya Huancavelica. Utaratibu huo ulifutwa 1812. Miaka karibu 200 baadaye mwanauchumi Melissa Dell alilinganisha vijiji vya Peru vilivyokuwa ndani ya mpaka ule na vile vilivyokuwa nje yake kidogo tu, vyenye milima na hali ya hewa sawa. Kaya za ndani ya mpaka zilikuwa na matumizi madogo kwa takriban asilimia 25, na barabara zao zilikuwa chache. Aliyelazimishwa kwenda mgodini alishakufa karne nyingi, na mpaka wenyewe haumo tena kwenye ramani. Umaskini bado unaufuata.

Afrika ilitoa zaidi. Watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli za Atlantiki pekee, mbali na waliopelekwa kupitia Sahara na Bahari ya Hindi. Mwanauchumi Nathan Nunn alipochambua kumbukumbu za meli na mashamba, alikuta kwamba sehemu za bara zilizopoteza watu wengi zaidi ndizo maskini zaidi leo, ingawa kabla ya biashara hiyo nyingi kati yake zilikuwa na watu wengi na biashara iliyostawi. Baadaye yeye na Leonard Wantchekon walionyesha jambo jingine linaloumiza: jamii zilizoshambuliwa zaidi, wazao wao mpaka leo wanaaminiana kidogo kuliko wengine, hata na ndugu na majirani. Mfikirie mtu aliyeishi karne kadhaa mahali ambapo jirani anaweza kumuuza. Atakopesha? Ataingia ubia na mtu wa kijiji cha pili? Biashara isiyovuka ukoo haikui zaidi ya ukoo.

Haiti nayo walijikomboa wenyewe mwaka 1804, watumwa walioishinda Ufaransa vitani. Mwaka 1825 manowari za Ufaransa zilifika na ankara ya faranga milioni 150, fidia kwa waliopoteza mashamba na "mali", na katika mali hiyo walihesabiwa watu wenyewe. Deni likapunguzwa baadaye mpaka milioni 90, lakini mikopo iliyochukuliwa kulilipia iliendelea kuinyonya nchi hadi 1947. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, baada ya kutawaliwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kisha serikali ya nchi hiyo, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi yenye ukubwa wa kukaribia Ulaya Magharibi.

Hata hivyo historia haimalizi kesi. Korea nayo ilitawaliwa kimabavu na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, kisha ikakatwa vipande viwili, kisha ikateketezwa na vita vya 1950 hadi 1953. Viwanda vizito na mabwawa ya umeme mengi yalibaki kaskazini. Kusini walibaki na mpunga na wakimbizi. Lugha, mababu na majeraha ya ukoloni vilikuwa vya wote, na leo tofauti kati ya pande mbili hizo haihitaji kuelezwa.

Chuma cha Pohang

Kusini ilifanyaje? Wapenda soko huria hapa hukohoa kidogo, maana serikali ya Park Chung-hee, aliyeingia kwa mapinduzi mwaka 1961, iliingilia kila kitu. Ilimiliki benki, iliamua nani akopeshwe, ilizuia bidhaa za nje. Kwenye karatasi inafanana na serikali nyingi zilizofilisi nchi zao.

Mwaka 1968 iliunda kampuni ya chuma, POSCO, kwenye ufukwe wa Pohang. Benki ya Dunia ilisema mradi huo hauna mantiki: nchi haina madini ya chuma, haina makaa ya mawe yafaayo, haina mtaji, haina ujuzi. Kwa hesabu za siku ile walikuwa sahihi. Korea ikachukua sehemu ya fedha za fidia ya ukoloni iliyolipwa na Japani, ikaziweka kwenye tanuri. Wahandisi walipelekwa Japani kujifunza, wakarudi na madaftari yaliyojaa. Mkuu wa kampuni, Park Tae-joon, anakumbukwa kwa kuwaambia wafanyakazi wake kwamba fedha hizi ni damu ya mababu, na tukishindwa, tugeuke kulia twende tukajizamishe baharini sote. Chuma cha kwanza kilitiririka Juni 1973.

Tofauti na nchi nyingine zilizolinda viwanda vyao ilikuwa kwenye masharti. Kampuni iliyopewa mkopo rahisi na kinga ya ushuru ilipewa pia lengo la kuuza nje ya nchi, na soko la nje halina mjomba. Mteja wa Hamburg hajali wewe ni rafiki wa rais. Aliyeshindwa kufikia lengo alikatiwa mkopo, na wakubwa kadhaa waliachwa wafilisike. Kwingineko ulinzi ulikuwa zawadi isiyo na tarehe ya mwisho: kiwanda kikalindwa miaka 30, kikatoa bidhaa duni kwa bei kubwa, na mwenye kiwanda akazidi kunona.

Jambo la pili pale Pohang ni ujuzi. Tanuri hununuliwa, mkono wa kujua sauti ya tanuri linalotaka kuharibika haununuliwi. Unatokana na kuharibu chuma kingi kwanza. Ujuzi huo ukishakuwepo huhama kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, kutoka chuma hadi meli, kutoka meli hadi magari. Nchi yenye ujuzi wa aina nyingi haiangushwi na bei ya bidhaa moja. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa miongoni mwa nchi zenye kipato kizuri kusini mwa Sahara, lakini zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje ilikuwa shaba. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, nchi ikaanguka nayo, na pato la Mzambia likaendelea kushuka kwa karibu robo karne.

(Sitetei udikteta. Kwa kila Park kuna madikteta kadhaa waliochukua mamlaka yale yale wakajenga majumba ya kifahari. Mobutu, mtawala wa Kongo, alijenga kijijini kwake Gbadolite uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kutua Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti. Kumpa mtu mmoja funguo zote ni kucheza kamari na watoto wa watu.)

Kuhusu jua, mbu na bahari

Jiografia haina haja ya maneno mengi. Ina uzito, lakini si hukumu. Nchi isiyo na bahari hulipa zaidi kwa kila kontena, na hutegemea barabara za jirani ambaye huenda ana vita. Uswisi nayo haina bahari, lakini majirani zake ni Ujerumani, Ufaransa na Italia, ambao ni wateja na pia njia. Malaria hudumaza watoto na kuwaweka watu wazima kitandani msimu wa kulima. Lakini malaria ilikuwa Italia pia, na ikatokomezwa kufikia 1970, na Marekani kufikia 1951. Hali ya hewa haikubadilika huko. Serikali ilikausha mabwawa, ikapuliza dawa na ikajenga nyumba bora.

Mali ya ardhini ndiyo yenye mtego. Uholanzi waligundua gesi nyingi Groningen mwaka 1959, na miaka iliyofuata viwanda vyao vingine vikaanza kudhoofika. Gazeti la The Economist likauita ugonjwa wa Kiholanzi mwaka 1977. Unavyofanya kazi ni hivi: fedha za kigeni za gesi zinaingia kwa wingi, sarafu ya nchi inapanda thamani, na mara mkulima wa maua au fundi wa mashine anagundua kwamba bidhaa yake imekuwa ghali kwa mnunuzi wa nje ingawa hajaongeza hata senti. Anafunga. Siku gesi ikipungua, hayupo tena. Uholanzi walikuwa na uchumi mpana, wakapona. Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki, katika miaka ya 1970 kilikuwa na pato la mtu mmoja la kushindana na nchi tajiri kabisa kwa sababu ya fosfeti. Fosfeti ikaisha, akiba ikaliwa na vitega uchumi vya hovyo, na sehemu kubwa ya kisiwa ikabaki majabali matupu yasiyolimika.

Mtego huu una upande wa siasa pia, na naona ndio mbaya zaidi. Mtawala anayeishi kwa kodi za raia hulazimika walau wafanye kazi na wasikimbie. Mtawala anayeishi kwa kisima cha mafuta anahitaji kisima, bomba na askari.

Ndiyo maana Botswana inastahili kutazamwa kwa karibu. Septemba 1966, siku ya uhuru, ilikuwa na kama kilomita 12 za barabara ya lami na wahitimu 22 wa chuo kikuu. Haina bahari, sehemu kubwa ni Kalahari, na ilizungukwa na tawala za kibaguzi. Mwaka 1967 almasi zikapatikana Orapa, kwenye ardhi ya Bangwato, kabila ambalo Rais Seretse Khama alizaliwa kuwa mtawala wake. Sheria ya mwaka huo huo ikayaweka madini yote mikononi mwa taifa. Angeweza kuwaachia watu wake wawe matajiri na majirani zao wawe na kinyongo, kisha bunduki. Hakufanya hivyo. Serikali ikabana mkataba na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, mpaka kampuni ya uchimbaji ikamilikiwa nusu kwa nusu, fedha zikaenda kwenye shule, visima na barabara, na ziada ikawekwa akiba nje ya nchi kwenye Mfuko wa Pula. Miongo mitatu baada ya uhuru ilikuwa kati ya nchi zilizokua haraka kuliko zote duniani, na, kwa mujibu wa kipimo chetu, zilizoanguka mara chache kuliko zote.

Si pepo. Pengo kati ya walionacho na wasionacho ni moja ya makubwa duniani, na Ukimwi uliipiga vibaya mno. Na almasi bado ni kama asilimia 80 ya mauzo ya nje, jambo ambalo wachumi wake wenyewe wamelilalamikia kwa miaka. Sasa almasi za maabara zimefika sokoni kwa bei ya chini kabisa, na mwaka 2024 uchumi ulisinyaa kwa karibu asilimia 3.

Oktoba 30 mwaka huo wananchi walipiga kura. Chama kilichotawala miaka 58, tangu siku ya bendera, kilitoka na viti 4 vya bunge. Asubuhi ya Novemba 1, kura zikiwa hazijamalizwa kuhesabiwa, Rais Mokgweetsi Masisi alitangaza kukubali kushindwa, na Duma Boko akaapishwa siku hiyo hiyo. Hakuna duka lililochomwa, wala mtu aliyekimbilia benki kutoa fedha zake. Almasi bado haziuziki kama zamani, na kinachosubiriwa sasa ni kuona kipindi hiki kibaya kitachukua muda gani kwisha.